Ukurasa Niliouacha Jumamosi

Tuliomba vitabu vya kemia. Nataka hilo lijulikane kwanza, maana hadi leo watu huniuliza ilikuwaje maktaba ya kambi ya Kakuma ikawa na rafu nzima ya vitabu kuhusu watu wa barafu. Tuliomba kemia ya kidato cha tatu, tukaomba kamusi, tukaomba hadithi za watoto. Katikati ya mwaka 2012 yakaja maboksi kutoka Ulaya ya kaskazini, na ndani yake mlikuwa na vitabu vya kuvua samaki kwenye barafu, vya kufuma sweta, vya kuchonga mifupa, vya wafalme wenye ndevu. Kimoja kilieleza jinsi ya kutunza viatu vya kutelezea kwenye theluji. Nilikaa juu ya boksi nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikaisha nikabaki na uchovu tu. Nje jua lilikuwa la kupasua kichwa.

Mimi ni mtu wa Lodwar, nyumba yangu iko Kanamkemer. Miaka hiyo nilikuwa mkutubi wa maktaba hiyo: chumba kimoja cha mabati, meza tatu, feni moja iliyozunguka ilipopenda. Jumatatu asubuhi nilipanda gari kwenda Kakuma, Jumamosi saa kumi nikarudi kwa pikapu ya ofisi, vumbi hadi kwenye meno. Barabara ile wakati huo, wacha tu. Lami ilikuwa imebaki vipande, na dereva alipendelea kupita pembeni mchangani. Lodwar nzima ilikuwa inaongea mafuta, kwamba yamepatikana, kwamba sasa Turkana tutaamka. Mimi nilitaka kulala.

Kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyevitaka vitabu vile, nikaanza kuvisoma mwenyewe. Nilianza kwa hasira, nikitafuta cha kudharau. Nikachukua kile kikubwa kuliko vyote, cha jalada la bluu, kilichohusu wafugaji wa huko juu kabisa waitwao Wasami, ambao nchi yao imepita ndani ya Norwei na majirani zake. Mifugo yao ni mnyama mwenye pembe zilizochanua kama matawi ya mgunga. Sikuwa na jina lake kwa Kiswahili, nikamwita kulungu wa theluji, na hakuna aliyenipinga kwa sababu hakuna aliyekuwa akisoma.

Basi nikafika mahali pa masikio. Kumbe ndama wa kulungu akizaliwa, mwenye mali humkata sikio kwa kisu, kila ukoo na alama yake, na mtoto wa mfugaji hujifunza alama za majirani kabla hajajua kuandika. Niliweka kitabu chini. Baba yangu alikata masikio ya mbuzi vilevile, na sisi watoto tulichapwa tukikosea kutambua mbuzi wa jirani. Nikaendelea. Wafalme watatu walichora mipaka katikati ya malisho yao, na kila mfalme akadai kodi yake. Nikafikiria Todonyang, kule mpakani, ambako watu wetu na wa upande wa pili wameuana miaka na miaka kwa ajili ya nyasi na samaki, juu ya mstari ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuchora. Wasami walikuwa na ngoma za ngozi zilizochorwa jua katikati, na kuzunguka jua wanyama, watu, mitumbwi. Makasisi walizikusanya wakazichoma, zilizobaki ziko nyuma ya vioo vya makumbusho. Watoto wao walipelekwa shule za bweni, wakapigwa kwa kusema lugha ya kwao. Mimi mwenyewe darasa la tatu nilivishwa kibao shingoni kwa kusema Kiturkana. Nikasema kwa sauti, chumba kitupu kikinisikiliza: kumbe hata kwenye barafu kuna kibao.

Sikupona ule uchovu, lakini kidogo nilipata mahali pa kuuweka.

Jirani na maktaba palikuwa na mwanamke Mdinka kutoka Sudan Kusini, muuza bamia kavu na majani ya chai. Siku moja aliacha biashara yake akaja mlangoni, akauliza kama kuna kitabu cha Norwei. Nikamwambia vipo, tena vingi mno. Hapo ndipo akanieleza shida yake, akiwa bado amesimama.

Alikuwa na binti wa miaka tisa mwenye tundu kwenye moyo. Akitembea kutoka bombani hadi nyumbani, midomo yake ilibadilika rangi. Madaktari walikuwa wamesema kwamba dawa yake ni kupasuliwa, na si hapa. Norwei ilikubali kumpokea, na pamoja naye watu wawili: mama yake, yaani huyu muuza bamia, na nyanya yake, mama wa marehemu mumewe. Shida ilikuwa nyanya. Alisema haendi mahali asipoweza kupaona hata kwa akili. Na muuza bamia naye alikuwa ameapa hamwachi, kwa sababu mama huyu ndiye aliyembeba njia nzima ya vita akiwa kigori, kabla hata hajawa mkwe wake. Kwa hiyo bibi asipoenda, mama haendi, na mama asipoenda, mtoto haendi. Daktari alikuwa ameshasema mtoto hana miaka mingi ya kungoja.

Akaniomba nimsomee yule mzee. Nilikubali, wala si kwa wema. Nilikuwa nasoma hata hivyo.

Wakawa wanakuja kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wote watatu. Bibi alikuwa mrefu, mkavu, na viti hakuvipenda, alikaa sakafuni mgongo ukiegemea rafu. Watu wote walimwita haboba, kama watoto wa Sudan wanavyomwita kila mwanamke mzee. Mimi alinisalimu kwa Kiturkana, ejok, alivyojifunza kwa wanawake wetu wanaopeleka kuni kambini, na baada ya hapo tulihamia Kiswahili chake cha sokoni. Miaka ishirini alikuwa Kakuma. Mwanawe wa kwanza alifia njiani wakati wa kukimbia, wakamlaza chini ya kichaka wakaendelea kutembea, kwa sababu anayesimama kuchimba alikuwa anajichimbia mwenyewe. Wa pili, mume wa muuza bamia, alirudi kwao baada ya uhuru wa Sudan Kusini kutafuta shamba lao, akafia huko, na habari zikaletwa na dereva wa lori aliyepitia Lokichoggio. Kaburi la mmoja halikuwepo, na la mwingine hakuliona. Alinieleza haya bila kulia, akikung'uta vumbi kwenye vidole vya miguu.

Lo, alikuwa na maswali! Alinihoji kama mkaguzi wa shule. Huyo mnyama ana jina? Rangi zake je? Kitabu kilisema wale watu wana maneno mengi ya rangi za kulungu, mwenye uso mweupe, mwenye tumbo la kijivu, mwenye miguu ya soksi. Akataka nisome yote, na kila nilipotaja moja alitoa ya ng'ombe kwa Kidinka, kama anaweka juu ya meza. Nilipochoka nikaruka mistari, akanishtukia. Aliuliza kama wanamwimbia mnyama. Nikatafuta, nikaona kwamba kila mtu kwao ana wimbo wake, na mnyama naye anaweza kuwa na wimbo, na kwamba huo wimbo hausemi juu yake, huo wimbo ndio yeye mwenyewe.

Bibi akaitikia kwa kichwa. "Basi hao ni watu," akasema.

Tangu siku ile hakusema tena "huko." Alisema kwa wale watu wa kulungu. Mwezi wa Novemba alianza kuuliza habari za viatu, na kama kuna mahali pa kupanda bamia. Muuza bamia alinitazama juu ya kichwa cha mkwe wake, akatabasamu. Mahojiano ya mwisho ya safari yalipangwa Jumanne. Wangeulizwa kila mmoja peke yake kama anakubali, na basi.

Jumamosi iliyotangulia Jumanne hiyo nilikuwa hoi. Wiki ya kabla yake nilikuwa na malaria, feni ilikuwa imekufa kabisa, na nilikuwa nimehesabu vitabu siku mbili kwa ajili ya ripoti ambayo nilijua hakuna atakayeisoma. Saa kumi kasorobo dereva akaanza kupiga honi. Dereva yule hakungoja mtu, na usipompata ulale Kakuma hadi Jumatatu. Bibi akauliza swali la mwisho. Na mtu akifa, wale watu wanafanyaje?

Nikafungua harakaharaka, nikapata mahali pake. Kitabu kilisema kwamba miezi ya baridi ardhi huganda ikawa jiwe, jembe haliingii. Zamani, aliyefariki majira hayo aliwekwa ndani ya kibanda cha mbao nyuma ya kanisa, akangoja humo hadi ardhi ilegee. Nikamtafsiria. Muuza bamia akarudia kwa Kidinka ili bibi aelewe vizuri. Honi ikapigwa tena, ile ndefu ya matusi. Nikafunga kitabu, nikasema tutaendelea wiki ijayo, nikachukua mfuko wangu. Bibi hakuinuka upesi, hilo nililiona. Nikadhani ni magoti.

Nitasema ukweli wangu hapa. Mimi sikusikia uzito wowote katika maneno yale. Sisi Waturkana, zamani, si kila maiti aliyechimbiwa. Mzee wa boma alizikwa, mama wa boma alizikwa, wengine waliachiwa nyika, na hakuna aliyeona ni dharau. Nyanya yangu alitusimulia hayo huku anapika. Kwangu mimi maiti kukaa kibandani na paa juu yake, tena nyuma ya kanisa, ilikuwa karibu starehe. Sikufikiria kwamba mbele yangu alikaa mwanamke aliyemlaza mwanawe chini ya kichaka. Nilikuwa nafikiria kiti cha mbele cha pikapu.

Alhamisi muuza bamia alikuja maktaba. Hakugombana. Alisimama akijifuta mikono kwenye kanga, akanieleza kilichotokea.

Bibi aliwaza siku tatu bila kumwambia mtu. Aliona hawezi kwenda kulala kwenye kibanda akingoja ardhi, awe wa tatu wa nyumba yake asiye na kaburi la kuonekana. Lakini aliona pia kwamba akikataa, mkwe wake atabaki naye kwa kile kiapo chake, na mtoto atakufa mikononi mwao. Akatafuta njia yake mwenyewe. Jumanne alipoingia kwa afisa akasema: mimi hapana mama ya bwana yake. Mimi jirani tu, tulipatana njiani wakati ya vita. Akiwa si mama, jina lake linatoka kwenye faili, na muuza bamia hana mtu wa kubakia. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga.

Afisa akamwita muuza bamia ndani, akamuuliza, je, ni kweli? Na kila mtu kambini anajua sheria hiyo hata kama hajui kusoma: faili yenye watu wawili wanaopingana ni faili ya uongo, na faili ya uongo hurudi chini kabisa, kama haitupwi. Alikuwa na muda wa kumeza mate tu.

"Nilimkana," aliniambia. "Nikasema ndiyo, ni jirani."

Nilichukua kile kitabu cha bluu. Nikafungua palepale, nikageuza ukurasa mmoja. Mmoja tu. Palikuwa pameandikwa kwamba aliyengoja hakuachwa peke yake, ndugu walikaa zamu karibu na kibanda, wakiwasha taa na kumwimbia ule wimbo wake. Ardhi ilipolegea watu walitoka mbali, wakazika wote waliongoja, kila mmoja katika ukoo wake. Na chini yake, sentensi moja kavu: siku hizi kuna mashine za kupasha ardhi moto, na mtu huzikwa majira yoyote.

Nilimsomea muuza bamia hapohapo. Alinitazama hadi nikaangalia pembeni, kisha akarudi kwenye bamia zake, kwa sababu mteja alikuwa amesimama. Nilijichukia. Nilimchukia dereva na honi yake, nikamchukia aliyeandika kitabu akaiweka mashine upande wa pili, halafu nikarudi kujichukia mwenyewe, maana dereva hakunishika mkono. Maji yakimwagika hayazoleki, nalijua hilo, lakini ni methali ya mtu ambaye hakuyamwaga yeye.

Jumamosi nilimwambia dereva aende zake. Nikaenda mimi hadi nyumbani kwa bibi, kitabu kwapani. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, kifua chake kikienda mbio kama cha kuku aliyekimbizwa. Nikasoma ukurasa ule polepole, muuza bamia akitafsiri. Bibi akataka nirudie mahali pa zamu. Akauliza kama hao ndugu wanakaa hadi mwisho. Nikasema wanakaa hadi mwisho. Akauliza habari ya mashine, nikamwambia.

"Hiyo ni nzuri kuliko ile yetu ya njiani," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Basi mimi nataka kwenda."

Nikamwambia Jumatatu nitaingia kwa afisa mwenyewe, nitasema kosa ni langu, nilimsomea nusu. Muuza bamia akatikisa kichwa. Ofisi ilikuwa tayari imesimamisha faili miezi mitatu ili kuichunguza upya, ikiwa na watu wawili badala ya watatu. Tukienda sasa kusema kwamba jirani ni mama, tutakuwa tumethibitisha kwamba wote wawili walidanganya, na safari itaanza mwanzo, kama itaanza. Nikasema basi waende wawili, halafu bibi aombewe ruhusa ya kuwafuata baadaye. Hapo muuza bamia ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Mama huweza kuombewa na walio huko. Jirani haombewi.

Bibi alimtazama mtoto muda mrefu.

"Mwalimu, wewe nyamaza," akaniambia. "Mtoto aende."

Jumatatu nilienda ofisini hata hivyo. Nilipewa namba, nikakaa kwenye benchi la mbao pamoja na watu wengine wenye namba zao. Nilikaa saa mbili nikipanga maneno. Kabla sijaitwa nikainuka nikaondoka. Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa heshima kwa neno la bibi au ulikuwa uchovu wangu uleule.

Wao waliendelea kuja Jumamosi, lakini sasa bibi hakuuliza ya kwake. Aliuliza ya mtoto: shule iko mbali kiasi gani, wanakula nini, mtoto mweusi wanamtazamaje. Nilisoma kila kitu, kurasa zote mbili za kila karatasi, koo likaniuma. Ikapita Krismasi, ikapita kura, Lodwar ikawa makao makuu ya kaunti na watu wakashona suti. Mtoto akaacha kutembea, wakawa wanambeba. Miezi mitatu ikawa karibu sita, ndipo mwezi wa Mei faili ikatoka. Watu wawili.

Kiwanja cha ndege cha Kakuma ni kipande cha lami na uzio wa waya. Siku ya kuondoka, walikuwa wamefunga kamba, na afisa kijana mwenye adabu alikuwa akiita ndugu wa wasafiri wavuke kamba wapewe dakika kumi za kuagana. Majirani na marafiki walisubiri nyuma ya waya. Bibi alisimama nyuma ya waya, nami pembeni yake. Muuza bamia alikuwa amekuja kumuaga pale nje kabla ya kuingia, mbele ya macho ya watu wote, kwa kumpa mkono. Mkono tu, kama majirani. Niliona vidole vyao vikikataa kuachana.

Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake. Walipoanza kutembea kuelekea ndege aligeuza kichwa akaita, haboba, haboba, kwa ile pumzi yake ndogo. Hakuna afisa aliyegeuka. Kila mtoto wa Sudan huita kila mwanamke mzee hivyo.

Yule afisa kijana alimwona bibi ameshika waya kwa mikono yote miwili. Nadhani alitaka kumfanyia wema. Akamsogelea akamuuliza ni nani wake wale wanaoondoka, kama ni ndugu bado anaweza kumvusha.

"Jirani," bibi akasema.

Afisa akanitazama mimi, kama anayetaka mtu wa pili aseme. Nikatazama chini. Akaenda.

Ndege iliruka. Bibi alikaa chini palepale kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, na mimi nikakaa kando yake. Watu wakatawanyika. Alingoja hadi mlinzi wa mwisho akaondoka.

"Mimi ni nani yao?" akaniuliza. "Wewe sema."

Nikasema yeye ni mama yao. Akaniambia niseme tena. Nikasema tena.